SOMO: KUSUBU VIPURI KWA KALIBU ZA PLASTA



Mashine ya kumenya kahawa huharibika wakati wa msimu, kwani ndio wakati inapofanya kazi. Kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi yapaswa kumenywa siku ile ile. Ikilala huanza kuchacha na daraja lake hushuka. Hivyo gurudumu moja la mkanda lililovunjika laweza kuwapunguzia wakulima malipo yao. Chama chenye fundi stadi chaweza kusubu gurudumu hilo kwa alumini chakavu. Somo hili laeleza kazi hiyo, na wajibu wa katibu ndani yake.

1. Madini yanayofaa
Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Sentigredi, na kalibu ya plasta huhimili joto hilo. Chuma humiminwa kwenye nyuzi zaidi ya 1,300. Kwa joto la namna hiyo plasta huvunjika, hutoa gesi ya salfa na kuharibu kipuri. Chuma kisubiwe katika kalibu ya mchanga. Aidha, alumini isitumiwe kwa meno ya gia yenye kubeba mzigo mkubwa wala kwa sehemu yoyote ya breki.

2. Kiolezo
Alumini ikipoa hunywea takriban milimita 13 kwa kila mita. Gurudumu la upana wa milimita 300 lahitaji kiolezo cha milimita 304. Fundi akitumia kipuri kilichovunjika kuwa kiolezo bila kukiongezea unene, kipuri kipya kitatoka kidogo na hakitakaa mahali pake. Kiolezo kipakwe sabuni ili kisigandamane na plasta.

3. Kuchanganya
Plasta hutengenezwa kwa jasi iliyochomwa. Hapa Tanzania jasi hupatikana Makanya na Itigi. Plasta inyunyizwe ndani ya maji, si maji ndani ya plasta. Kilo 10 za plasta huchukua kiasi cha lita 7 za maji. Kalibu hufanywa nusu mbili, ikiachiwa tundu la kumiminia na matundu madogo ya kutolea hewa.

4. Kukausha
Hapa ndipo penye hatari. Kalibu iliyoanikwa juani kwa siku kadhaa huonekana kavu, hali maji yangali yamefungwa ndani ya plasta yenyewe. Tuchukue mfano wa kilo 10. Kalibu mbichi ina kilo 17. Ikikauka juani hubaki na karibu kilo 12, na hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Ikichomwa polepole ndani ya tanuri kwa nyuzi zipatazo 200, kwa saa nyingi, hushuka hadi karibu kilo 9 na nusu. Tofauti hiyo ni lita 2 na nusu za maji, ambayo yakigeuka mvuke hujaza nafasi ya zaidi ya lita 4,000. Alumini iliyoyeyuka ikikutana na maji hayo, kalibu yaweza kupasuka na kumrushia fundi madini usoni.

5. Wajibu wa katibu
Katibu hahitaji kuwa fundi ili kuzuia ajali hii. Mizani ya chama yatosha. Kalibu ipimwe ikiwa mbichi, ipimwe baada ya jua, kisha ipimwe kila saa wakati wa kuchomwa, na kila uzito uandikwe daftarini. Ruhusa ya kumimina itolewe pale tu vipimo viwili vya mwisho vinapolingana. Kalibu isiachwe ilale usiku nje baada ya hapo, maana plasta hunywa unyevu wa hewa. Fundi avae viatu vilivyofunika mguu, glavu na kinga ya uso, na watazamaji wakae mbali.

Kamati isimharakishe fundi kwa sababu ya foleni ya wakulima. Siku moja ya kungoja ni hasara inayolipika. Jicho la fundi halilipiki.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini kukausha juani hakutoshi?
2. Kiolezo cha gurudumu la milimita 200 kiwe na upana gani?
3. Katika chama chenu, ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha umiminaji, na je, jambo hilo limeandikwa?