KIPAKATALISHI KIPI NI IMARA?

Mabishano kuhusu vipakatalishi hayaishi. Huyu atakwambia Windows ndiyo mambo yote, yule ataapa kwamba Mac haiharibiki, na wa tatu atadai ati Linux ni kiboko yao. Si mabishano ya kupitisha wakati tu. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe aingie chuoni na kipakatalishi hana ng'ombe wa pili wa kuuza kikiharibika. Basi tuchunguze jambo hili taratibu.

Kwanza tuelewane. Mfumo wa uendeshaji ni programu kuu inayoamrisha sehemu zote za tarakilishi. Windows ni ya Microsoft, macOS ni ya Apple, nayo ChromeOS ni ya Google. Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Ufini, na hadi leo hupatikana bure.

Je, mfumo pekee ndio huleta uimara? Tazama visa viwili.

Tarehe 19 Julai 2024, mashine zipatazo milioni 8.5 zenye Windows zilikwama duniani kote zikionyesha skrini ya buluu. Safari za ndege zilivurugika, hospitali na benki zikatatizika. Mashine zenyewe zilikuwa nzima kabisa! Chanzo kilikuwa sasisho bovu la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike. Mac na Linux hazikuguswa, kwa kuwa sasisho hilo lilikuwa la Windows tu.

Wapenzi wa Mac wasicheke sana. Vipakatalishi vingi vya Apple vya kati ya 2015 na 2019 vilikuwa na kibodi nyembamba mno. Chembe ya vumbi ikiingia, herufi inakwama au inajirudia. Mwaka wa 2018 Apple ilianza kuzitengeneza bila malipo, na mwaka wa 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 ili kumaliza kesi huko Marekani. Mfumo ulikuwa sawa. Kibodi ndiyo iliyoharibu sifa.

Kwa hivyo uimara una pande mbili: chombo na mfumo. Windows huwekwa kwenye mashine za kampuni nyingi, za bei ghali na za bei ya chini. Kusema "Windows hukwama" ni kama kusema "matatu huharibika" bila kutaja ni matatu gani. Apple hutengeneza chombo na mfumo pamoja, hivyo vinapatana vizuri, lakini bei yake si mchezo.

Liko pia suala la umri, hasa kwa wanunuzi wa mitumba. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi kuukuu hazikubali Windows 11, maana hiyo hudai kichakataji kipya na sehemu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Hata hivyo, mashine kama hizo zaweza kuwekewa Linux. Matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu, kwa mfano, hupata masasisho ya bure kwa miaka 5. Chromebook nyingi nazo hupata miaka 10, lakini inahesabiwa tangu aina hiyo ilipotolewa, si tangu siku uliyoinunua!

Ukienda dukani, uliza hivi:

1. Masasisho yake yataisha lini?
2. Diski yake ni SSD au ni ile ya kuzunguka? Ya kuzunguka huumia upesi ikitikiswa au kuangushwa.
3. Betri inakaa saa ngapi stima ikipotea? Usiambiwe tu, ijaribu.

Mwisho, weka nakala ya kazi yako mahali pengine, hata kwenye flashi. Hakuna mfumo unaozuia chai kumwagika wala mwizi kupita. Tahadhari kabla ya hatari.