Taa za kukuzia mboga ndani ya nyumba: piga hesabu ya stima kabla hujalipa

Taa unailipia mara moja, lakini stima unailipia mwezi baada ya mwezi. Kwa hivyo kama unapanga kulima letusi, mikrogrini au miche ya kuuza ndani ya chumba, usianze kwa kuuliza, "Taa hii ni pesa ngapi?" Uliza, "Itakula tokeni ngapi, na mboga zitazilipa?" Shika simu yako tupige hesabu pamoja, kwa sababu sehemu ya majibu iko kwenye meseji zako.

1. Jua uniti moja inakugharimu pesa ngapi

Fungua meseji ya mwisho ya tokeni. Chukua pesa zote ulizolipa, ugawanye kwa uniti ulizopata. Ukilipa shilingi 1,000 ukapata uniti 40, basi uniti moja ni shilingi 25, kodi na makato yote yakiwa ndani. Hapa tutatumia 25 kama mfano. Wewe tumia yako. Kama chumba cha kulimia kina mita yake, tumia meseji za mita hiyo.

2. Usidanganyike na namba ya kwenye boksi

Kuna taa zinazoandikwa "1000W" na kumbe zinakula wati 100 hivi. Hiyo 1000 ni ya matangazo. Muulize muuzaji wati inazokula kikweli, kisha thibitisha: zima kila kitu nyumbani, washa taa hiyo peke yake kwa saa 10. Taa ya wati 100 itakula uniti 1.

Lumeni pia zisikuvutie. Lumeni hupima mwanga jinsi jicho la mtu linavyouona. Mwanga wa mmea hupimwa kwa mikromoli. Namba unayoitafuta ni mikromoli kwa juli, yaani taa inatoa mwanga kiasi gani kwa stima inayokula. Kadiri namba hiyo ilivyo kubwa, ndivyo tokeni zako zinavyofanya kazi zaidi. Muuzaji asipoweza kukuonyesha namba hiyo kwa maandishi, tafuta mwingine.

Na rangi je? Taa nyeupe ya LED inatosha mboga za majani. Chini ya taa ya zambarau, majani yanayogeuka manjano na wadudu ni vigumu kuwaona mapema.

3. Linganisha taa mbili

Tuseme taa zinawaka saa 14 kwa siku, siku 30.

Taa ya kwanza: shilingi 4,500, wati 100, mikromoli 1.6 kwa juli. Inatoa mwanga wa mikromoli 160 kwa sekunde. Kwa mwezi inakula uniti 42, yaani shilingi 1,050.

Taa ya pili: shilingi 9,000, mikromoli 2.6 kwa juli. Mwanga ni ule ule wa 160, lakini inatumia wati 62 tu. Kwa mwezi ni uniti 26, yaani shilingi 650.

Tofauti ya bei ni 4,500. Unaokoa 400 kila mwezi. Baada ya karibu mwaka mmoja, ile taa ya bei nafuu ndiyo imekuwa ghali. Ukiwa na taa 20, hizo ni shilingi 8,000 kila mwezi zinazopotea kwenye mita. Lakini kama unajaribu biashara kwa miezi mitatu tu, taa ya kwanza yaweza kukufaa. Yote yategemea muda utakaoitumia.

4. Uliza kama mboga zitalipa stima

Letusi inahitaji mikromoli 200 hadi 250 kwa kila mita mraba. Ukichukua 250, hata kwa ile taa nzuri, mita mraba moja itataka karibu wati 100. Hiyo ni shilingi 1,050 kwa mwezi. Ukivuna vichwa 25 hapo kwa mwezi, kila kichwa kimekula stima ya shilingi 42, kabla ya mbegu, mbolea, kodi ya nyumba na jasho lako. Kama hoteli inakununulia kwa 60, faida ni nyembamba sana.

Miche ni hesabu tofauti. Inahitaji mwanga mdogo zaidi, na mita mraba moja inabeba mamia yake, kwa hivyo stima inagawanyika. Na usisahau kwamba Kenya tuna karibu saa 12 za mchana mwaka mzima, bure. Kama una nafasi ya kivungulio, jua litakufaa kuliko taa yoyote. Taa weka pale jua haliwezi kufika.

5. Lipa kwa akili

- Nunua taa moja kwanza. Ipime kwenye mita kwa wiki moja, ndipo uagize zingine.
- Hakikisha inatumia volti 240, na haiharibiwi na unyevu wa chumba.
- Lipa kwa till au paybill ya duka, si kwa namba ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kukamilisha malipo. Jina lisipolingana na la duka, simama hapo.
- Ukiambiwa "tuma yote sasa hivi, zimebaki mbili tu," hiyo ni sababu ya kungoja.
- Dai risiti na waranti kwa maandishi. Usifute meseji ya malipo. Ndiyo ushahidi wako taa ikizima mwezi wa pili.
- Ukinunua kwa mkopo, weka rejesho la kila mwezi kando ya faida ya mavuno baada ya kutoa stima. Rejesho likizidi, punguza idadi ya taa.

Mwisho wa mwezi wa kwanza, jumlisha meseji zote za tokeni ulizonunua kwa mita hiyo. Zikipita hesabu yako kwa mbali, kagua wati za taa na saa zinazowaka kabla ya kuongeza rafu nyingine.