Mwongozo wa Kupika Shira ya Ukwaju na Asali
Kwa wapishi wa hoteli na vibanda vya chakula, Maua

1. Kusudi
Maua iko juu, kwenye milima ya Nyambene. Ukwaju na asali hutoka chini, katika nyanda kavu za Tharaka. Vikikutana jikoni, mpishi hupata shira chachu ya kaimati, bajia na nyama choma.

2. Viungo na vyombo
Ukwaju uliomenywa gramu 250. Maji ya moto nusu lita. Sukari gramu 500. Maji robo lita. Asali vijiko 4 vya mezani. Iliki na chumvi kidogo. Tumia sufuria ya stili au enameli, kwani asidi ya ukwaju hula alumini.

3. Kupika
(a) Loweka ukwaju dakika 30, uvuruge kwa mkono safi, uchuje kokwa na kambakamba. Chemsha rojo dakika 5.
(b) Injika sukari na maji, ukoroge mpaka iyeyuke, kisha uache kukoroga, la sivyo itarudi kuwa chembe. Tia kijiko kimoja cha rojo mapema: asidi yake huzuia chembe hizo.
(c) Zingatia mwinuko. Hapa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Shira ambayo Mombasa huiva kwenye digrii 105, Maua huiva karibu na 100. Ukingoja 105 itakuwa nzito na kuganda juu ya kaimati. Pima kwa mkono: weka tone kwenye sahani, lipoe, ulibane kwa vidole viwili. Likivuta uzi mmoja, imeiva.
(d) Changanya rojo, iliki na chumvi, ichemke dakika 2, uepue. Tia asali shira ikiwa vuguvugu, maana moto mkali huondoa harufu yake.

4. Usalama
Asali iliyoganda si lazima iwe imechakachuliwa. Asali safi pia huganda. Mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali wala shira hii. Shira ya moto hunata na kuunguza kuliko maji; iweke mbali na watoto.

5. Kuhifadhi
Weka kwenye chupa iliyochemshwa, andika tarehe, uitie jokofuni. Ikitoa povu au harufu ya pombe, imwage. Hasara ya chupa moja ni ndogo kuliko ya mteja aliyeugua.