Mwanafunzi Awapo Mashine: Somo la Roboti na Akili Mnemba

Roboti ni mashine yenye sehemu tatu za msingi: hisi za kupokea habari, ubongo wa kuamua, na viungo vya kutenda. Akili mnemba ni njia ya kuamua ambayo mashine huipata kutokana na mifano mingi, badala ya kupewa kila kanuni na binadamu. Mambo haya yaweza kufundishwa katika shule yoyote ya Mkoa wa Songwe, hata pasipo kompyuta wala umeme.

Zoezi la kwanza ni la kutenda. Watoto wa Tunduma huyaona kila siku malori yavukayo mpaka kwenda Zambia. Mwalimu achore barabara uwanjani, na mwanafunzi mmoja awe lori. Afuate maagizo yaliyoandikwa tu: mbele hatua 4, geuka kulia, simama. Agizo moja likikosewa, lori hutoka barabarani. Mashine haikisii nia ya mtu, hutii alichoandika.

Zoezi la pili ni la kujifunza. Wilayani Mbozi hulimwa kahawa, na tunda lake huchumwa likiwa jekundu. Vikatwe viduara vya karatasi ngumu, vyekundu vikiwa matunda yaliyoiva, vya kijani yakiwa mabichi. Mwanafunzi aliyefungwa macho apapase viduara 5 vikubwa vyekundu, akiambiwa "chuma", kisha 5 vidogo vya kijani, akiambiwa "acha". Sasa apewe kiduara kikubwa cha kijani. Atajibu "chuma". Hakukosa akili: hisi yake ilikuwa mkono tu, na mifano ilimfundisha ukubwa badala ya rangi. Afunguliwe macho, apewe mifano ya kila ukubwa, naye atajibu sawasawa.

Jambo hili si mchezo mtupu. Mwaka 2017 watafiti walitangaza matokeo ya programu ya kompyuta iliyofundishwa kwa picha za majani ya mihogo zilizopigwa mashambani nchini Tanzania, ili itambue magonjwa matatu na madhara ya wadudu wa aina mbili. Programu ya namna hiyo ikifunzwa kwa mifano mibaya, mkulima aweza kung'oa mihogo mizima na kuiacha yenye ugonjwa.

Mtoto aliyewahi kuwa mashine atajua la kuuliza kwanza: je, hii imefundishwa kwa mifano gani?