Mafunzo Niliyopata kwa Datsun 240Z Iliyozeekea Chini ya Mparachichi

Watu wa rika langu hapa Arusha hatuhitaji kuelezwa Datsun 240Z ni gari gani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mbio za East African Safari. Mwaka 1973 akashinda nayo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya Idi Amin alipowafukuza Waasia, msoma ramani wake akiwa Lofty Drews. Ushindi huo wa pili ulipatikana kwa chupuchupu: Mehta alimaliza na alama za adhabu sawasawa na Harry Källström, naye alikuwa ndani ya Datsun nyingine, ikabidi kuangaliwa nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuguswa na adhabu.

Ya kwangu haikushinda kitu. Niliinunua kwa familia moja nje ya Moshi, ilikokuwa imekaa miaka mingi chini ya mparachichi, matairi yamedidimia, kuku wanataga kwenye kiti cha abiria. Nimeifufua uani kwangu, jioni na siku za Jumapili, nikisaidiwa na mpwa wangu na mzee mmoja fundi bodi. Niliyojifunza mengi yanahusu sehemu ambazo mtu akija kupiga picha na gari hatazitazama kamwe.

1. Gonga bati kwanza, habari za injini zitakuja

Kila anayekwenda kununua gari la zamani hutaka kwanza asikie injini. Injini ya 240Z, ile L24 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sisi 2,393, ni ngumu kufa. Ikikwama hufunguliwa, ikachongwa, ikarudi kazini. Kinachoiua Z ni kutu, kwa sababu haina chasisi ya peke yake kama Land Rover. Bodi ndiyo chasisi. Bati likioza, huna pa kufungia kitu kingine chochote.

Mzee alikuja kulikagua gari akiwa na nyundo ndogo na bisibisi butu tu. Bati zima hulia kwa mlio mkavu. Lililofunikwa kwa puti hutoa mlio mzito, uliofifia. Aligonga chini ya betri, ambako tindikali huchuruzika na kula mpaka kwenye boriti ya chini. Akagonga nyuma ya taa za mbele, ambako tairi hurusha tope likaganda humo kwa miaka. Akaenda kwenye sakafu, kwenye kingo za chini za milango, kwenye ile kona iliyo mbele ya tairi la nyuma. Kwangu kulikuwa na ugonjwa wa ziada: majani ya mparachichi yalikuwa yameziba vitundu vya kutolea maji chini ya kioo cha mbele, kwa hiyo kila mvua ilikuwa imebaki humo ikitafuta njia ya kuingia ndani. "Mwanangu," akasema, "rangi hii imekuja kututania."

Alikata mabati yote yaliyooza mpaka akafika kwenye chuma cheupe, ndipo akachomelea mapya. Kabla ya kukata sakafu alichomelea vyuma vya kushikilia mlangoni kutoka nguzo hadi nguzo, maana bodi ya namna hii ikikatwa chini bila kushikiliwa hujikunja, na baada ya hapo milango haifungi tena sawasawa hata ufanyeje.

2. Nati haina kumbukumbu, na wewe pia huna

Kila kilichofunguliwa kilipigwa picha kabla na baada, kikaingia mfukoni na karatasi yake: kimetoka wapi, upande gani, washa ngapi. Mpwa wangu alilalamika mwezi wa kwanza kwamba tunafanya kazi ya karani. Tulipoanza kurudisha vitu, ndiye aliyekuwa anadai daftari.

3. Magadi hayaishii kwenye maharage

Vyuma vidogo vya gari la zamani ni vingi kuliko unavyodhani: mabano, bawaba, vishikio, mikono ya wipa. Ukivisugua vyote kwa brashi ya waya utachoka kabla hujafika nusu, na kutu itabaki kwenye kona. Njia niliyoitegemea ni ya umeme na magadi yaleyale yanayouzwa sokoni, yanayotoka Ziwa Natron.

Unachukua ndoo ya plastiki, unaijaza maji, unayeyusha magadi kidogo. Chuma chenye kutu unakining'iniza katikati na kukifunga kwenye waya hasi wa chaja ya betri, ile ya kizamani isiyo na akili nyingi. Pembeni unaweka kipande cha chuma cha kawaida, kwa mfano nondo chakavu, unakifunga kwenye waya chanya. Visigusane. Ukiwasha, mapovu huanza kupanda, na asubuhi kutu nyekundu imegeuka kuwa masizi meusi yanayotoka kwa brashi ya viatu. Chuma chenyewe hakiliwi, na hapo ndipo njia hii inapoizidi tindikali.

Masharti yake si ya kuchezea. Yale mapovu ni hidrojeni, nayo hulipuka, kwa hiyo kazi ifanyike nje, sigara mbali, na chaja izimwe kabla ya kugusa waya. Nondo ile isibadilishwe na kijiko au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu itaacha sumu ya kromiamu ndani ya maji. Aluminiamu isiingie humo kabisa. Magadi huitafuna, na kabureta za gari hili ni za aluminiamu. Springi na bolti zilizokomazwa nazo zibaki nje, maana hidrojeni huzifanya zikatike ghafla baadaye. Chuma kikitoka ndooni, kikaushwe na kupigwa praima siku hiyohiyo. Ukikiacha mpaka kesho, kutu itakuwa imerudi.

4. Pini mbili za nyuma ndizo mtihani wenyewe

Mtu yeyote aliyewahi kufungua miguu ya nyuma ya 240Z atakuelewa ukitaja pini za mikono ya chini. Kila upande una pini ndefu ya chuma iliyopita ndani ya sehemu ya kalibu inayobeba habu, ikishikwa katikati na kipini kidogo kama kabari, na ncha zake mbili zimeingia kwenye bushi za mpira. Maji huingia humo yasitoke. Baada ya miaka hamsini, pini na nyumba yake vimekuwa kitu kimoja.

Ukitaka kubadilisha bushi, lazima pini itoke. Hii ndiyo kazi iliyorukwa kwenye magari mengi yanayoitwa "yamefufuliwa": bushi zimeachwa zilezile zilizopasuka, kisha gari linapigwa rangi ya kung'aa, na mwenyewe anashangaa kwa nini linayumba nyuma akifika kona za Usa River.

Kishawishi ni kuchukua nyundo kubwa. Ukiipiga pini kichwani unaponda nyuzi zake, kichwa kinapanuka, na sasa haipiti hata kama kutu imeachia. Tulitoa kwanza ile kabari ya katikati, tukautumia mlango wake kumiminia mchanganyiko wa asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, kila jioni. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyofanyika kwenye miguu ya nyuma kwa majuma kadhaa. Mpwa wangu akawa akinisalimu, "Mjomba, wagonjwa wamekunywa dawa?" Pini ya kushoto ilitoka baadaye kwa moto na kugongwa polepole, nati ikiwa imefungwa mwishoni kulinda nyuzi. Ya kulia ilikataa, tukaupeleka mguu mzima kwenye karakana yenye presi ya haidroliki. Ilipoachia ililia kwa mshindo mpaka mwenye karakana akaruka nyuma.

Pini mpya zinapatikana kwa kuagiza. Zirudishwe na grisi nyingi, kwa heshima ya atakayezifungua baada yako.

5. Spea: jua gari lako ni la mkono gani

Sehemu kubwa ya 240Z ziliuzwa Marekani, na huko ndiko spea zilikojaa. Lakini za Marekani usukani wake uko kushoto. Raba za milango, vioo, bushi, breki, vitu vya injini, hivyo agiza popote. Dashibodi, mfumo wa usukani na pedali vitafutwe Uingereza, Australia au Japani, ambako gari hili lilitoka na usukani wa kulia kama letu.

Halafu kuna ndugu wa nyumbani. L24 ni ya ukoo mmoja na ile L16 ya silinda nne iliyokuwa kwenye Datsun 1600 na 160J, na vipimo vya kipenyo cha silinda ni vilevile, milimita 83. Ndiyo hiyo 160J aliyoitumia Mehta kurudi kushinda Safari mwaka 1979. Mafundi wa zamani waliozijua 160J hawaitazami L24 kama mgeni, na visanduku vyao vya vyuma chakavu ni vya kupekuliwa kwa adabu na soda mkononi.

6. Umeme wa kiwanda haukuwa na huruma

Kwenye 240Z mkondo wa taa kubwa hupita moja kwa moja kwenye swichi na kwenye sanduku la fyuzi bila rilei. Sanduku hupata joto, plastiki inayeyuka, na siku moja usiku unabaki gizani. Nimeweka rilei mbili zilizofichwa karibu na rejeta, swichi sasa inabeba mkondo mdogo tu. Wapo watakaosema nimeharibu uasilia. Wakaendeshe usiku barabara ya Namanga kwanza.

Kabla ya kulaumu kifaa chochote, kwangua rangi mahali waya wa eathi unapofungwa. Gari lililotoka kupigwa rangi upya husumbua kwa sababu hiyo mara nyingi kuliko nyingine zote.

7. Kabureta huja mwisho wa foleni

Z ina kabureta mbili za Hitachi zilizotengenezwa kwa mfumo wa SU, na fundi asiye na subira huanza kuzungusha skrubu zake siku ya kwanza. Utaratibu ni mwingine. Kwanza valvu, injini ikiwa baridi: milimita 0.20 za kuingizia, 0.25 za kutolea. Kisha pointi, kisha taimingi, huku ukihakikisha nyaya za plagi zimefuata 1-5-3-6-2-4. Ndipo kabureta.

Inua pistoni ya kila moja kwa kidole na uiachie; ishuke na kugonga chini kwa mlio mdogo wa wazi. Ikisita, kuna uchafu au sindano imepinda, na hakuna skrubu itakayoponya hilo. Ongeza oili nyepesi juu. Rudisha nozeli mizunguko miwili na nusu kutoka juu kama mahali pa kuanzia. Kusawazisha hewa hakuhitaji kifaa cha bei: chukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, sikiliza mvumo mmoja kisha wa pili mpaka ulingane. Na kumbuka Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Mchanganyiko unaofaa Dar es Salaam, huku huwa na petroli kupita kiasi.

8. Rangi

Niliichelewesha mpaka mwisho na sijutii, maana rangi mpya humfanya mtu aanze kuota bei ya kuuza. Miaka ya 1990 Nissan yenyewe huko Marekani ilijaribu kununua Z za zamani, kuzifufua na kuziuza upya, mpango haukudumu. Kiwanda kikishindwa kupata faida, mimi na msasa wangu tusijidanganye kwamba tunawekeza.

9. Gari likiwaka, orodha ndiyo kwanza inaanza

Oili ya kwanza imwagwe mapema, na nati za magurudumu, za miguu na za propela shafti zikaguliwe upya baada ya kilomita chache, kwa sababu bushi mpya na rangi mpya hukaa chini. Maji ya breki yasiguse bodi. Yanakula rangi kuliko petroli. Mbele gari hili lina diski, nyuma lina madramu, na silinda ndogo za madramu hayo zikikaa muda mrefu bila kazi huanza kuvuja bila kelele, ukaja kuona tairi limelowa upande wa ndani. Yangu ya kulia imeshafanya hivyo mara moja.

Dashibodi bado ina nyufa tatu juu, ugonjwa wa jua unaozipata karibu Z zote. Mpwa wangu ameshapata mahali pa kuagiza nyingine. Haitaagizwa mpaka breki za nyuma zipite masika nzima bila kulowa.