SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: MTIHANI WA HISABATI WA KIDATO CHA NNE NA MSTARI WA KUFAULU

Kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne, wazazi wengi wa Unguja na Pemba hufika katika ofisi za elimu wakiwa na swali moja lenye sura nyingi: ni nani hasa aliyeamua kwamba mwanangu hakufaulu? Swali hilo huulizwa zaidi katika somo la Hisabati kuliko somo jengine lolote, na sababu yake iko wazi. Katika matokeo ya mwaka 2022 ni mtahiniwa mmoja tu kati ya kila watano, kwa makadirio, aliyefaulu Hisabati nchini. Mwaka 2023 hali ilikuwa nafuu kidogo, mmoja kati ya wanne. Imeonekana ni vyema, kwa hiyo, kuwaeleza watumishi na wananchi namna mtihani huo unavyotungwa, alama ya kufaulu inavyowekwa, na cheti kinavyohesabiwa. Mtumishi anayekaa dirishani kupokea malalamiko hawezi kujibu vizuri jambo asilolifahamu.

Kwanza, mamlaka. Zamani vijana wetu walifanya mitihani iliyotungwa Cambridge, Uingereza. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1967, Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973. Shughuli za Baraza hilo zimo katika orodha ya Mambo ya Muungano iliyoambatanishwa na Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Ndiyo maana kijana wa Wete na kijana wa Songea hukaa siku moja mbele ya karatasi moja. Mtihani wa Kidato cha Pili kwa upande wa Zanzibar ni jambo mbali, nao husimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar. Wazazi wengi huyachanganya mabaraza haya mawili, na barua zao huzunguka ofisi kwa ofisi bila ya kupata jibu.

Karatasi ya Hisabati ya Kidato cha Nne huchukua saa tatu. Sehemu ya kwanza ina maswali kumi yenye jumla ya alama 60, yaani alama sita kila swali; sehemu ya pili hubeba alama 40, kwa maswali manne ya alama kumi kumi. Mtahiniwa anaruhusiwa kutumia jadweli za hisabati, lakini si kikokotoo. Watunzi hawaanzi kwa kuandika maswali. Huanza kwa kuchora ramani ya muhtasari wa somo: namba, aljebra, jometri, takwimu, trigonometria, vekta, matriksi, hesabu za biashara na kadhalika, kisha hugawa alama kwa uzito wa kila mada. Bila ya ramani hiyo mtunzi huvutwa na mada anayoipenda mwenyewe, na mwanafunzi aliyesoma muhtasari wote hujikuta ameulizwa robo yake.

Kazi ngumu ni swali lenyewe. Natuchukue mfano tuliouandaa kwa ajili ya somo hili:

Mfanyabiashara alinunua magunia 20 ya mchele kwa shilingi 1,200,000. Magunia mawili yaliroa bandarini yakatupwa. Aliyauza yaliyobaki kwa bei moja, akapata faida ya asilimia 8 juu ya fedha zote alizotoa. Kila gunia aliliuza kwa shilingi ngapi?

Faida ni asilimia 8 ya 1,200,000, yaani shilingi 96,000. Fedha zote zilizorudi ni 1,296,000. Magunia yaliyouzwa ni 18. Kila gunia, basi, liliuzwa kwa shilingi 72,000. Mwongozo wa kusahihisha unaweza kutoa alama mbili kwa faida, moja kwa jumla, moja kwa kutambua magunia 18, moja kwa kugawa na moja kwa jibu sahihi. Mwanafunzi aliyesahau magunia yaliyoroa akagawa kwa 20 atapata 64,800. Jibu lake ni kosa, lakini kazi yake ina alama nne kati ya sita, kwa sababu njia yake inaonekana. Hapo ndipo mwalimu anayemwambia mwanafunzi "andika jibu tu" anapomuumiza bila ya kujua.

Sasa tuondoe maneno matano tu kutoka katika swali hilo: "juu ya fedha zote alizotoa". Msomaji mwengine atafahamu kwamba faida ya asilimia 8 ni ya kila gunia lililouzwa. Gunia moja lilinunuliwa kwa shilingi 60,000. Asilimia 8 yake ni 4,800. Jibu lake ni 64,800. Tazameni: ni tarakimu ile ile aliyoipata mwanafunzi aliyesahau magunia mawili! Mmoja amekosea, mwengine amesoma kwa akili swali lililoandikwa vibaya, na katika orodha ya majibu wote wawili wanafanana. Kosa la mtunzi limegeuka kuwa kosa la mtoto, na hakuna anayeweza kulitambua tena ila aliyeirudia karatasi. Kwa sababu hii kila swali hupaswa kupitiwa na watu wasiolitunga, tena walijibu wao wenyewe kwa kalamu kabla ya kuonyeshwa jibu.

Jambo hili lina uzito wa ziada kwetu, kwa kuwa karatasi hiyo huandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyeweza kuhesabu mchele tangu akiwa dukani kwa mjomba wake anaweza kushindwa kwa sababu ya sentensi tu. Swali la hisabati lenye mistari sita ya maneno linapima mambo mawili kwa wakati mmoja, na alama zake haziwezi kutuambia ni lipi lililomshinda. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Ubora wa Kiingereza hicho madarasani ni habari nyengine, nayo inastahili somo lake.

Tuje kwenye mstari wa kufaulu. Katika viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, alama 75 na zaidi ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. Wananchi wengi hudhani tarakimu hizi ni kama nyuzi za kupimia joto, kwamba 29 ya mwaka huu ni sawa na 29 ya mwaka uliopita. Si lazima iwe hivyo. Maswali ya mtihani wa taifa ni siri. Hayawezi kujaribiwa mbele ya maelfu ya wanafunzi kabla ya siku yake na yakabaki siri. Kwa hiyo hata watunzi hodari huweza kutoa karatasi ngumu kuliko waliyoikusudia. Mstari ukikaa pale pale na karatasi ikawa ngumu zaidi, walioanguka wameangushwa na karatasi.

Zipo njia za kulikabili tatizo hilo. Mojawapo, iliyopata umaarufu kwa jina la William Angoff wa Marekani aliyeieleza mwaka 1971, ni kuwakusanya walimu wazoefu na kuwataka wamfikirie mwanafunzi mmoja wa mpakani: yule anayestahili kufaulu kwa shida, si zaidi. Kwa kila swali mwalimu huandika alama anazotarajia mwanafunzi huyo apate. Tuseme kwa swali letu la mchele walimu wanne wameandika 2, 3, 3 na 4. Wastani ni 3. Wastani wa maswali yote hujumlishwa, na jumla ndiyo mstari wa karatasi hiyo. Karatasi ya mwaka mmoja inaweza kutoa 33 na ya mwaka wa pili 26. Mstari umehama ili mwanafunzi anayetakiwa asihame.

Ubaya wa njia hii ni kwamba haionekani vizuri kwa nje. Mstari unaweza kushushwa kwa sababu karatasi ilikuwa ngumu, na unaweza kushushwa kwa sababu matokeo yanatia aibu. Mwananchi aliyeko Mkoani au Makunduchi hana njia ya kutofautisha, isipokuwa aelezwe mapema kanuni zitakazotumika.

Tulijifunza hayo kwa machungu mwaka 2013. Tarehe 18 Februari mwaka huo yalitangazwa matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012, na zaidi ya watahiniwa 240,000, ambao ni kiasi cha asilimia 60 ya wote, walipata daraja sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Mizengo Pinda, aliunda Tume ya kuchunguza. Ilibainika kwamba mwaka ule Baraza lilitumia utaratibu mpya wa viwango vya alama visivyobadilika, wakati miaka iliyotangulia viwango vilirekebishwa kulingana na hali ya mtihani. Tarehe 3 Mei Serikali ilitangaza Bungeni kwamba matokeo yamefutwa na yatapangwa upya kwa utaratibu wa zamani. Mwisho wa mwezi huo matokeo mapya yalitoka, na waliokuwa katika daraja sifuri wakawa takriban 211,000.

Inafaa tusimame kidogo hapa. Karibu vijana 30,000 walilala hawana kitu wakaamka na vyeti, na hakuna hata mmoja wao aliyeandika jibu jipya. Wapo waliokwisha kupelekwa kujifunza ufundi, wapo waliokwisha kuvuka bahari kutafuta kazi, na wapo wazazi waliokwisha kusema maneno ambayo hayarudi. Maoni ya ukurasa huu ni kwamba kosa la mwaka ule halikuwa kuweka viwango vikali wala kuviregeza. Kosa lilikuwa kubadilisha kanuni bila ya skuli, walimu na watahiniwa kuzijua kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Waliosema kwamba kupanga upya ni kuficha udhaifu wa skuli zetu nao walikuwa na hoja, kwani hata baada ya marekebisho zaidi ya nusu walibaki sifuri.

Hatukuwa peke yetu. Katika Jimbo la New York nchini Marekani, ambako kufaulu mtihani wa Jimbo wa Hisabati lilikuwa sharti la kuhitimu, karatasi ya Juni 2003 iliangusha vijana wengi mno, wakiwemo waliokwisha kujitayarisha kwa sherehe za kumaliza skuli. Kamishna wa Elimu Richard Mills aliyaweka kando matokeo ya wanafunzi wa madarasa mawili ya juu, na jopo alilolichagua likaona kwamba karatasi ile ilikuwa ngumu kuliko zilizotangulia. Massachusetts ilikwenda mbali zaidi: mwezi wa Novemba 2024 wananchi wenyewe walipiga kura kuliondoa sharti la kufaulu mtihani wa Jimbo ili kuhitimu.

Kwetu sisi sharti ni la namna nyengine, na hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Hisabati ni lazima kuifanya, lakini cheti hakisimami juu yake peke yake. Daraja huhesabiwa kwa masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Mwenye D mbili na F tano ana pointi 8 na 25, jumla 33. Amepata daraja la nne. Mwenye C moja na F sita ana 3 na 30, jumla ile ile. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefanya masomo tisa anaweza kuiacha F yake ya Hisabati nje ya hesabu, lakini aliyefanya saba tu ataibeba, na pointi moja hiyo inaweza kumtoa daraja moja hadi jengine. Walimu wakuu wanapopanga idadi ya masomo ya mwanafunzi wakumbuke hesabu hii.

Mtahiniwa asiyeridhika na matokeo yake ana haki ya kukata rufaa. Rufaa hupelekwa kupitia kwa mkuu wa skuli aliyofanyia mtihani, pamoja na ada, na ndani ya muda uliowekwa na Baraza la Mitihani la Taifa. Anayechelewa akilisubiri jibu la ofisi nyengine hupoteza nafasi yake. Watumishi wa ofisi za elimu za Wilaya wanakumbushwa kwamba malalamiko ya Kidato cha Nne yasipokelewe na kuwekwa jaladani. Mlalamikaji aelekezwe skulini kwake siku hiyo hiyo.