Nani Atachaguliwa? Somo la Kukisia Wachezaji



Yako mambo mawili wayapendayo sana vijana wa mabweni yetu hapa Gihosha: kucheza mpira na kubishana juu ya mpira. Kwa kucheza tuna mwalimu. Kwa kubishana hatuna, na kwa hiyo twabishana vibaya. Msimu unapokaribia, mmoja husema Vital'O watamsajili fulani. Mwingine husema kocha wa Intamba mu Rugamba hawezi kumwacha fulani. Wa tatu huapa kwamba fulani anakwenda Dar es Salaam kuchezea Simba au Yanga. Ukimwuliza sababu, hukujibu, "Utaona." Huko si kukisia, ni kupiga ramli. Katika somo hili nataka kuonyesha ya kuwa kukisia nani atachaguliwa ni kazi ya akili, yenye kanuni zake kama hesabu. Tena kwamba makisio ya ovyo yaweza kumdhuru mtu.

Desturi ya Marekani

Kwetu mchezaji humwendea mwenye fedha. Klabu tajiri hutangulia kuchagua, na klabu maskini huokota kilichosalia. Wamarekani wana desturi nyingine, nao huiita drafti. (Msomaji asidhani ni drafti ile ya kete ichezwayo barazani.) Kila mwaka timu huchagua vijana wapya mmoja mmoja kwa zamu. Kwa kawaida timu zilizofanya vibaya msimu uliopita hupewa zamu za mbele, na zilizoshinda hungoja nyuma, ili wanyonge wapate nguvu na mashindano yasiwe ya timu moja tu. Desturi hiyo ilianza mwaka 1936 katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira mikononi, kwa shauri la Bert Bell, mmoja wa wenye timu ya Philadelphia Eagles. Baadaye michezo mingine ikaifuata, hata mpira wetu huu wa miguu.

Kwa kuwa zamu hujulikana mapema, mashabiki wa huko hupata mchezo wa pili. Majuma mengi kabla ya siku yenyewe huandika orodha: timu ya kwanza itamtwaa huyu, ya pili itamtwaa yule. Siku ikifika, orodha husahihishwa kama karatasi ya mtihani. Hapo ndipo sisi tunapoweza kujifunza, maana majibu yako wazi kwa kila mtu.

Kanuni ya kwanza: anza na pengo la timu

Shabiki huanza na mchezaji ampendaye, kisha humtafutia timu. Mkisiaji mwenye akili huanza na timu: huuliza imepungukiwa na nini, kisha hutafuta mtu wa kuliziba pengo hilo.

Tuchukue ligi ya MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani na Kanada. Mwaka 2009 timu ya Seattle Sounders iliingia ligi hiyo kwa mara ya kwanza, ikapewa zamu ya kwanza. Ikamchagua Steve Zakuani, mshambuliaji aliyezaliwa Kinshasa na kulelewa London. Mwaka 2010 timu mpya ilikuwa Philadelphia Union. Ikamchagua Danny Mwanga, mshambuliaji, naye mzaliwa wa Kinshasa. Mwaka 2011 Vancouver Whitecaps waliingia, wakamchagua Omar Salgado, mshambuliaji wa miaka 17, mzaliwa wa Marekani. Mwaka 2012 Montreal Impact waliingia, wakamchagua Andrew Wenger, mshambuliaji ambaye hapo awali aliwahi kucheza ulinzi.

Sasa jiweke mahali pa mkisiaji wa mwaka 2011. Umekwisha kuona miaka miwili tu. Umeona mambo matatu yakirudiwa: timu mpya, mshambuliaji, mzaliwa wa Kinshasa. Lipi kati ya hayo ni sababu, na lipi limetokea kwa bahati? Mtu wa haraka angesema, "Mwaka huu tena atachaguliwa mtu wa Kinshasa," naye angekosa. Mtu wa kufikiri angesema hivi: "Timu mpya ina njaa ya mabao, kwa hiyo itatafuta mfungaji, mahali alipozaliwa hapafungi bao." Huyo angepata aina ya mchezaji mwaka 2011, na tena mwaka 2012, hata kama hakujua jina la kijana hata mmoja. Hiyo ndiyo tofauti ya kuona mambo yamefuatana na kujua kwa nini yamefuatana.

Kanuni ya pili: mabao hupimwa, hayahesabiwi tu

Tarehe 23 Machi 2019, sisi tulio darasa la mwisho tukiwa bado wadogo, Intamba mu Rugamba, yaani mbayuwayu wa vitani, walitoka sare ya 1 kwa 1 na Gabon katika uwanja wa Prince Louis Rwagasore, ambao siku hizi huitwa Intwari. Kwa sare hiyo Burundi ilipata nafasi katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Cédric Amissi ndiye aliyefunga bao letu. Mji wote ulishangilia, na ilikuwa haki yake, maana Gabon ya Aubameyang ilibaki nyumbani.

Hata hivyo, mkisiaji hana ruhusa ya kushangilia kabla hajapiga hesabu. Timu yetu haikufungwa mechi hata moja kati ya sita za kufuzu. Lakini tazama mabao yalitoka wapi. Katika mechi mbili na Sudan Kusini tulifunga mabao 8, yaani 3 hapa na 5 kwao. Katika mechi nne zilizobaki, dhidi ya Mali na Gabon, hatukufunga zaidi ya bao moja katika mechi yoyote, na zote nne zilikwisha kwa sare. Aliyejumlisha mabao yote pamoja aliona timu ya wafungaji. Aliyeyagawanya kwa wapinzani aliona timu ngumu kufungwa, lakini yenye shida ya kufunga mbele ya walinzi hodari. Huko Misri tulifungwa 1 kwa 0 na Nigeria, 1 kwa 0 na Madagascar, na 2 kwa 0 na Guinea. Mechi tatu, bao letu hakuna. Yule aliyegawanya hakushangaa sana.

Kipimo hiki pia huweza kumwinua mchezaji. Mwaka 2013 Vital'O walitwaa Kombe la Kagame nchini Sudan, na mabao ya Amissi Tambwe yaliwasaidia sana. Yale hayakuwa mabao ya kirafiki. Yalifungwa dhidi ya klabu za nchi jirani, katika mashindano ya ubingwa. Simba wa Dar es Salaam walimchukua, na katika msimu wa 2013 hadi 2014 akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya Tanzania kwa mabao 19. Baadaye Simba walimwacha, Yanga wakamchukua, na katika msimu wa 2015 hadi 2016 akawa mfungaji bora tena, kwa mabao 21. Basi hata klabu kubwa, yenye makocha na fedha, yaweza kuachia mkononi kile ambacho jirani yake ataokota na kufaidi.

Kanuni ya tatu: kuchaguliwa si kufaulu

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Ni kweli mara nyingi, lakini si kila nyota ya asubuhi hufika jioni. Mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika drafti ile ya 1936 aliitwa Jay Berwanger. Hakucheza katika ligi ile hata mechi moja. Kinyume chake, mwaka 2000 timu ya New England Patriots ilimchagua Tom Brady akiwa wa 199. Vijana 198 waliitwa kabla yake. Akaja kushinda ubingwa wa ligi hiyo mara 7.

Hapa Afrika ya Mashariki tunaye mfano wetu, ingawa ni wa mpira wa kikapu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, kijana wa kimo cha mita 2.21, alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA na timu ya Memphis Grizzlies. Hiyo ni heshima kubwa sana. Lakini Memphis walikuwa tayari na Marc Gasol, naye ni mrefu wa kucheza chini ya kikapu kama yeye. Kwa kanuni ya kwanza, pengo halikuwa pana. Katika msimu wake wa kwanza Thabeet alipelekwa kwa muda ligi ya chini, na katika maisha yake yote ya NBA alipata wastani wa pointi 2.2 kwa mechi. Aliyechaguliwa nyuma yake, wa tatu, alikuwa James Harden. Na wa saba alikuwa Stephen Curry. Wote wawili walikuja kutajwa wachezaji bora wa ligi nzima.

Wako watu waliomcheka Thabeet. Mimi sicheki. Yeye hakujichagua, walimchagua watu wazima waliolipwa kwa kazi hiyo. Tena liko jambo ambalo hakuna orodha iwezayo kulijua. Zakuani alifunga mabao 4 katika mwaka wake wa kwanza na 10 katika wa pili. Tarehe 22 Aprili 2011 alivunjwa mguu uwanjani, akakaa nje zaidi ya mwaka mmoja. Mkisiaji aliyesema atafaulu hakusema vibaya. Mfupa ndio uliovunjika.

Kanuni ya nne: andika

Mali bila daftari hupotea bila habari, na makisio ni vivyo hivyo. Katika bweni letu tumeweka daftari lenye safu nne: tarehe, jina la mchezaji na timu, sababu, na matokeo. Asiyeandika sababu haandikiwi jina. Msimu ukiisha tunahesabu, wala hatuhesabu majina peke yake. Aliyepata jina kwa sababu isiyo ya kweli hupewa nusu. Aliyekosa jina lakini akalitaja pengo la timu sawasawa, naye hupewa nusu. Faida yake ni kwamba ubishi umepungua kelele na kuongezeka maana. Wale waliokuwa wakisema "Nilisema mimi!" sasa huulizwa, "Ukurasa gani?"

Neno kwa wenzangu

Huenda mtu akauliza, ya nini kulifanyia mchezo kazi kubwa namna hii? Jibu langu ni hili. Yuko kijana tuliyesoma naye, mchezaji hodari wa pembeni. Sisi kwenye uzio wa uwanja tulizoea kupiga kelele kwamba huyu ni wa Ulaya. Akatokea mtu mmoja aliyejiita wakala, akamwambia klabu ya nchi ya nje imekwisha kumchagua, ila zahitajika fedha za pasipoti na safari. Mama yake akauza mbuzi na kipande cha shamba la mihogo. Kijana akaacha shule. Barua ya klabu haikuja, na mtu yule hakuonekana tena. Sasa kijana amerudi, anasoma darasa moja na mdogo wake.

Mwongo yule hakuhitaji kubuni neno. Alichukua maneno tuliyokuwa tukiyapigia kelele, akayauza. Kwa hiyo kanuni zilezile za kukisia ndizo ngao ya mchezaji. Akija mtu kukuambia umechaguliwa, muulize: Klabu hiyo ina pengo gani, na nani anacheza nafasi yangu sasa? Nani wa klabu aliyeniona, katika mechi ipi, dhidi ya nani? Nisipofaulu au nikiumia, nitarudi kwenye nini? Na haya yote yameandikwa wapi? Tena ujue kwamba sheria za FIFA hukataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache maalum. Mwenye habari ya kweli hatakasirika kwa maswali hayo. Mwongo atakuambia, "Utaona."

Mazoezi

1. Chagua klabu moja ya ligi yetu. Bila kutaja jina la mchezaji yeyote, andika mistari mitano juu ya pengo lake kubwa.

2. Chukua mfungaji umpendaye. Yagawanye mabao yake kwa wapinzani aliowafunga. Je, sifa zake zimebaki zilezile?

3. Kaka zetu mliotoka shuleni, mliowahi kuchaguliwa au kuachwa na timu yoyote: tuandikieni kwa anwani ya gazeti hili mtueleze mliambiwa sababu gani. Barua zenu zitasomwa bwenini, na sababu zake zitaingizwa katika daftari.